Siku Niliyouita Mfereji Shokoa

Arusha, karibu na Daraja Mbili
Jumapili, baada ya ibada

Mama yangu,

Shikamoo. Na tena shikamoo, maana ya kwanza ni ya leo na ya pili ni ya wiki zote saba nilizokaa kimya. Naomba barua hii ikukute umeketi. Mguu wako unaendeleaje? Nakundwa aliniandikia kwamba asubuhi unakaza mpaka jua lipande, nami tangu nilipoisoma barua hiyo, kila nikiamka nauulizia moyoni. Babu je? Bado anairudisha chai isiyo na tangawizi? Na yule ndama mwenye doa jeupe usoni, ameshaachishwa?

Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Nimenenepa kidogo, kaptula uliyonishonea inanibana.

Nakundwa, mdogo wangu, najua ni wewe unayesoma. Nakuomba usiruke mahali, hata pale utakapoona kaka yako amefanya mambo ya aibu. Pale hasa ndipo usiruke. Na ukifika kwenye habari za babu, hamia upande wa sikio lake zima.

Mama, unanijua mimi si msemaji. Kanisani nikiitwa kusoma somo nilikuwa nakohoa mpaka mchungaji anamwita mwingine. Afadhali kuandika, kalamu hainitazami usoni. Nina jambo moja la kutubu na jambo moja la kujivunia, na yote mawili ni jambo lilelile.

Nianze na la kutubu. Siku niliyoondoka nyumbani nilikuambia lori la kwenda stesheni linaondoka alfajiri. Si kweli. Lilikuwa linaondoka baada ya saa sita mchana, na mimi nilijua. Ila ilikuwa siku ya msaragambo, kijiji kizima kuzibua ndiva, bwawa letu la kumwagilia, na pembe ilikuwa imelia tangu jana yake. Nilichoka, Mama. Tangu nimalize darasa la nane nilikuwa najiona mtu wa kalamu, na kila wiki pembe inalia: leo bwawa, kesho njia, keshokutwa nyumba ya fulani. Nikasema moyoni, nakwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayenipulizia pembe. Nikaketi nyuma ya duka na sanduku langu, nikisubiri lori. Na pale nyuma ya duka nikakuona unapita. Ulikuwa na jembe langu begani, lile lenye mpini mfupi alionitilia marehemu baba. Nyumba yetu ilipaswa kutoa mtu mmoja, ukaenda wewe, na mguu ule ule. Nilikuwa karibu nawe kiasi cha kusikia ukipiga chafya. Nikainama nyuma ya sanduku.

Sasa nikusimulie ya huku.

Nilipofika, boma lilinichukua kuwa karani mwanafunzi. Kazi yangu ni kunakili barua kwa mkono. Nimepanga chumba kwa Mama Zaina, mama mmoja anayeuza maandazi, ananiita "Karani" kwa sababu hajaona haja ya kuniuliza jina. Mwanzoni nilifurahi sana. Jumamosi nalala mpaka saa tatu, hakuna anayegonga. Hakuna anayejua ukoo wangu. Nikipita njiani, hata niwe nalia, hakuna atakayeuliza. Nilidhani hayo ndiyo maisha.

Bwana Shauri wetu, Mwingereza anayesimamia wilaya, ni mgeni, ametoka kwao juzi tu. Kiswahili chake kinatosha kuagiza maji ya kuoga na kumfokea mbwa wake, barazani hakifiki mbali. Kwa hiyo anakwenda na mkalimani, Bwana Salumu, mtu mzima wa Pangani, karani mkuu, mwenye kofia safi kila siku. Mwezi wangu wa kwanza Bwana Salumu akashikwa na homa. Bwana Shauri akatazama vichwa vya makarani, akanionyesha mimi kwa kidole, eti Kiingereza changu cha misheni kimenyooka.

Tulikwenda kijiji kimoja juu mlimani, katika migomba na kahawa. Huko Wameru wana mfereji kama tulivyo na ndiva sisi. Unatoka kijitoni msituni, unapita ukingoni mwa shamba la huyu na la yule, unaishia chini kabisa kwa wajane. Shauri lilikuwa la mkulima mmoja, Yosia. Shamba lake liko juu, karibu na msitu, maji hayamsumbui. Alikuwa amekosa siku tatu mfululizo za kusafisha mfereji, na wazee wakachukua mbuzi wake. Akaenda kushitaki bomani.

Watu walijaa uwanja wa shule. Yosia akasimama, kijana mrefu, mikono imejaa udongo. Akasema, "Kahawa yangu nimeiotesha mwenyewe, nimeipalilia mwenyewe. Kwa nini siku ya mfereji niwe mali ya watu? Mimi si mtumwa. Mbuzi wangu arudi."

Mama, maneno yake yaliniingia. Niliyatafsiri vizuri mno, mpaka sauti yangu ikapanda. Nilikuwa kama najisemea mwenyewe.

Kisha akasimama Mzee Lazaro, mshili wao, yaani mzee wanayemfuata katika mambo ya ukoo. Akaongea taratibu, kwa Kiswahili cha mlimani. Akasema, "Bwana, mfereji huu hauna mwenyewe. Waliouchimba hatuwajui majina. Kila anayekunywa ni lazima aje na jembe. Asiyekuja, tunachukua mbuzi wake, tunachinja, tunakula naye. Yeye mwenyewe anakaa hapo katikati yetu, anapewa nyama kama mwingine. Akishamaliza kula, neno limekwisha, hatulitaji tena."

Watu wote wakanigeukia. Macho mengi hivyo sijapata kuyaona. Katika yote aliyosema, neno moja tu lilibaki kichwani: lazima. Nikatafuta Kiingereza chake, na kilichonijia ni neno lao la shokoa, kazi ya kushikwa kwa nguvu. Nikamwambia Bwana Shauri hivi: "Anasema ni shokoa, na asiyekuja ananyang'anywa mbuzi." Basi. Habari ya kula pamoja nikaiacha.

Bwana Shauri akakunja uso. Akasema shokoa imekatazwa kwa sheria, hakuna mtu wa kumfanyisha kazi mwenzake kwa nguvu, kila mtu ni huru na shamba lake. Mbuzi arudishwe. Kwa Kiswahili niliwapa watu mwisho wake tu: mko huru, mbuzi arudi. Yosia akashangiliwa na vijana. Mzee Lazaro akanitazama mimi, si Bwana Shauri, kisha akavaa kofia yake akaketi.

Kesho yake nilinakili hukumu ile mara tatu kwa mkono wangu. Mara tatu nikaandika neno lile. Mara ya tatu ndipo nikamkumbuka babu.

Nakundwa, sasa hamia kwenye sikio lake.

Babu, shikamoo. Nilipokuwa mdogo ulinionyesha bega lako lililoshuka. Ulisema ulishikwa shokoa wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, ukafungwa kamba na wenzako, ukabebeshwa masanduku ya risasi mpaka nchi usizozijua, na aliyeanguka aliachwa pale pale. Hilo ndilo neno nililolichukua, babu, nikawapa wazee wa watu wanaosafisha maji yao. Naomba unisamehe. Ningekuwa mgeni wa neno hilo ningekuwa na udhuru. Mimi nimelala kitanda kimoja na bega hilo.

Wiki tatu baadaye nilitumwa kupeleka barua kule kule mlimani. Mvua ilikuwa imenyesha, na mfereji umebomoka sehemu mbili. Maji yote yalikuwa yanamwagika korongoni. Nilimkuta Mzee Lazaro amesimama peke yake na jembe, anatia mawe pale ukingo ulipokatika, maji yanayasukuma, anatia tena.

Nikamwamkia. Akaitikia. Akauliza, "Wewe si yule mkalimani?"

"Ndiyo, mzee."

"Nina swali. Siku ile mimi nilisema maneno mengi. Wewe ukasema machache. Kiingereza ni lugha fupi hivyo?"

Akaendelea kutia mawe.

"Maana nimewaita watu, nikaambiwa tuko huru, Bwana amesema. Nimeuliza huru na nini, hakuna anayejua. Kule chini kina mama wanateka maji mtoni sasa, na mto uko mbali. Nilitaka tu kujua ulituitaje."

Mama, nilipaswa kumjibu. Nikasema nimechelewa, nikashuka mlima karibu kwa kukimbia. Nilipofika darajani nikajiambia, hii ni mara ya pili unaacha mtu mzima na jembe na wewe unakimbia.

Bwana Salumu alikuwa amepona. Nikamweleza yote nikitazama meza. Akafunga mlango.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Basi na asiwepo. Sikiliza, mtoto wa watu. Mkalimani hakosei. Ukikosea wewe, boma limekosea, na boma likikosea, anatafutwa wa kulipia. Mwisho wa mwezi unaandikwa karani kamili. Unataka kurudi Upare ukachimbe mabwawa?"

Nikasema sitaki. Na kweli sikutaka. Nilitaka lile daftari la majina ya makarani liwe na jina langu. Nilikuwa nimeshalifikiria litakavyoandikwa.

Lakini wazee wakaomba baraza lingine, na siku hiyo nami nilichukuliwa, kubeba mkoba wa mafaili tu. Bwana Salumu ndiye alikuwa akitafsiri. Mzee Lazaro akasema mfereji umekufa. Bwana Shauri akajibu kwamba ameshatoa hukumu, shokoa ni shokoa. Bwana Salumu akaligeuza neno lile kwa Kiswahili, akalitamka wazi: shokoa. Ndipo kwa mara ya kwanza wazee wale wakasikia walichoitwa.

Mama, hawakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Mzee mmoja aliyekuwa amekaa mbele akafunua shati lake begani. Bega lile lilikuwa kama la babu.

Miguu yangu ikasimama kabla yangu. Nikasema kwa Kiswahili, "Wazee wangu, shikamooni. Mzee Lazaro hakusema shokoa. Mimi ndiye niliyesema." Kisha nikasema hivyo hivyo kwa Kiingereza. Bwana Salumu alinivuta kaptula kwa nyuma. Ile ile inayonibana, Mama, nikaogopa itachanika mbele ya baraza.

Bwana Shauri akauliza, "Alisemaje basi?"

Nikarudia maneno yote ya mzee, kipande kwa kipande. Nikafika pale pa kula mbuzi pamoja na mwenye mbuzi. Bwana Shauri akanizuia. "Anakula naye? Mwenye mbuzi mwenyewe?" Nikamwambia ndiyo, ni mmoja wao mpaka mwisho wa nyama. Akauliza, kwa nini sikulisema hilo siku ile?

Ningeweza kusema niliogopa, na ingekuwa kweli nusu. Nikasema yote. Nilisema kwetu kuna kazi ya namna hii, inaitwa msaragambo, pembe inalia na kila nyumba inatoa mtu. Nikasema mimi niliikimbia, nikajificha nyuma ya duka. Nikasema, "Babu yangu alishikwa shokoa. Angetoroka, askari wangemfuata na bunduki. Mimi nilipotoroka msaragambo hakuna aliyenifuata. Mama yangu alichukua jembe langu, akaenda mahali pangu. Hiyo ndiyo tofauti, Bwana. Neno lake moja kwa Kiingereza silijui."

Yosia akaruka juu. "Kumbe na wewe ni mkimbizi!" Watu wakacheka, hata mimi nikajikuta nataka kucheka. "Sasa unataka mimi nirudi, na wewe mwenyewe hujarudi kwenu?"

"Sisemi urudi," nikamjibu. "Ukikataa, kataa. Ila ukatae kazi ya jirani zako kwa jina lake. Usiikatae kwa jina nililolikosea mimi."

Yosia akawageukia wazee, na sasa hakuwa anapiga kelele. "Siku zile tatu mke wangu alikuwa kitandani anajifungua, mtoto amekaa vibaya. Nani aliniletea hata kuni? Mlikuja watu sita kuchukua mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyemuulizia mtoto."

Mzee Lazaro akavua kofia. "Mtoto gani?"

"Wa kike."

"Anaitwa nani?"

"Rebeka."

"Hatukujua," akasema Mzee Lazaro. "Na kama hatukujua, basi hapo mfereji ulibomoka kabla ya mvua. Kwa hilo wewe ndiye unayetudai mbuzi."

Hayo nayo niliyatafsiri, maana Bwana Salumu alikuwa ameketi, amekunja mikono. Bwana Shauri akaomba faili. Akalikata neno lile kwa wino, nakala zote tatu, akaandika juu yake kwamba kazi ya mfereji iachwe kwa washili na desturi yao. Wazee nao wakakubaliana mbele ya watu: nyumba yenye mgonjwa au mama aliyejifungua haitoi mtu siku hiyo, na wenzake wanakwenda kwao kwanza kabla ya kwenda mfereji. Yosia akasema atafikiri. Hakuna aliyemlazimisha kusema zaidi.

Najua unangoja kusikia lililonipata. Sikuandikwa karani kamili. Bwana Shauri aliniita akasema mkalimani anayeacha maneno ni hatari, na anayeyarudisha ni afadhali, lakini mimi ni wote wawili, kwa hiyo nikae stoo ya mafaili mpaka mwakani ndipo atazame tena. Bwana Salumu hanisemeshi ila kwa kazi. Stoo haina dirisha, nina vumbi mpaka kwenye nyusi. Na bado, Mama, natembea mjini nimenyanyua kichwa. Mama Zaina ameona. Juzi aliniuliza, "Karani, umeoa?" Nikamwambia jina langu. Nikamwambia na kwetu ni wapi na mimi ni mtoto wa nani. Akanipa andazi la bure kwa jina hilo, akasema ni refu, atajifunza polepole.

Jumamosi iliyopita sikulala mpaka saa tatu. Mzee Lazaro aliniletea salamu kupitia muuza ndizi: siku ya mfereji ni Jumamosi, mgeni halazimiki. Nikaenda. Nikaazima jembe, na mpini wake ni mrefu kuliko nilivyozoea, malengelenge yamenitoka matatu. Nilikuwa katikati ya mstari, maji yamefika magotini, baridi ya mlima huu si mchezo. Watu walinitania mchana kutwa. Nikiinama wanasema, "Tafsiri hilo jiwe!" Nikipumzika wanasema, "Mkalimani ameruka maneno tena!" Nikacheka mpaka nikasahau kuona haya.

Jua lilipokuwa utosini akaja mtu kutoka juu, jembe begani. Akateremka mferejini bila kusalimu mtu, akanisukuma kwa bega. "Mkimbizi mwenzangu," akasema Yosia, "sogea, unachimba kama unaandika."

Alasiri tukayafungulia maji. Tuliyafuata kwa miguu yakishuka, yanasukuma majani makavu mbele yake, shamba kwa shamba, mpaka kwa wajane. Kikongwe mmoja akatupa loshoro, ndizi zao wanazopika na maziwa ya mgando, kibuyu kimoja kwa watu wote. Akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia wewe, Mama, jina lako kamili. Akalirudia vizuri kabisa.

Sijaacha kuipenda Jumamosi yangu. Nisije nikakudanganya tena kwa upande wa pili. Napenda kuwa mtu wa kalamu, napenda chumba changu, na mwakani nitaomba tena ukalimani. Lakini nataka niwe huko nikiwa nimeaga vizuri, si nyuma ya duka.

Mnisalimie shangazi, yule mdogo wa baba, mwambieni kikapu alichonisukia ndicho ninachowekea kalamu. Mnisalimie mwalimu wangu wa Kiingereza, mwambieni kuna neno hakutufundisha, na nadhani halipo. Babu, nasubiri jibu lako, hata likiwa la hasira. Nakundwa, asante kwa kutoruka.

Na mnisalimie Mzee Mbonea, mpiga pembe. Mwulizeni msaragambo ujao wa ndiva ataupigia pembe wiki gani, mniandikie mapema, niombe likizo bomani kwa sababu yake halisi, niiandike kwa lugha zote mbili. Mama, siku hiyo wewe ukae kivulini na mguu wako. Jembe langu la mpini mfupi msimwazime mtu.

Mwanao,
Eliapenda